Denys Finch Hatton: Mwindaji wa Ngong aliyewageuza wageni wake watazamaji

Ukipanda matatu nambari 111 katikati ya jiji kwenda Ngong, unapita Prestige, unapita Adams na Dagoretti Corner, kisha nyumba zinapungua na msitu unajitokeza upande wa kushoto. Kama unaishi Jamhuri, msitu huo ni jirani yako. Pengine hata umewahi kutembezwa humo na mtu anayejua mti huu unaitwaje, ule unatibu nini, na ndege yule anayelia juu ni nani. Ukizidi kwenda unapita uwanja wa mbio za farasi, unaingia Karen, na mbele yako vilima vya Ngong vinasimama kama vifundo vya ngumi.

Kwenye miteremko ya vilima hivyo kuna kaburi la mtu aliyefariki mwaka wa 1931 akiwa na umri wa miaka 44. Jina lake ni Denys Finch Hatton. Kama umeitazama ile filamu ya Out of Africa ya mwaka wa 1985, basi umemwona, ila aliyemwigiza ni Mmarekani Robert Redford mwenye nywele za kuvutia. Denys mwenyewe alikuwa na upara tangu ujanani, na kofia ilikuwa haimtoki kichwani.

Filamu ilikuonyesha mapenzi. Haikukaa sana na kazi yake. Na kazi yake ndiyo inayokuhusu wewe, kwa sababu ni ileile inayowalisha maelfu ya vijana wa Kenya leo: kuchukua mgeni, kumwingiza porini, kumwonyesha wanyama na kumrudisha salama. Denys aliifanya kazi hiyo wakati mgeni alikuja na bunduki. Alipokufa, baadhi ya wageni wake walikuwa wameanza kuja na kamera. Hadithi ya mabadiliko hayo si ya malaika aliyeshuka kuokoa simba, kwa hivyo usitarajie hivyo. Ni hadithi ya mtu mwenye dosari zake, na ya watu wengine waliokuwa kando yake ambao majina yao huyasikii mara nyingi.

Mtoto wa kibwanyenye

Denys alizaliwa London mwezi wa Aprili 1887, katika familia ya kikabaila. Baba yake baadaye alirithi cheo cha Earl wa Winchilsea. Lakini Denys alikuwa mtoto wa kiume wa pili, na kwa desturi za Waingereza wa tabaka lile, mashamba na cheo vilikuwa vya mkubwa. Mdogo alipata jina zuri, shule nzuri, na kazi ya kujitafutia njia.

Shule alizipata kweli. Alisoma Eton, kisha chuo cha Brasenose huko Oxford. Alipenda michezo, muziki na mashairi, na watu walimpenda bila yeye kujitahidi. Hilo la kupendwa lilimfuata maisha yake yote. Karibu kila aliyemjua na kuandika habari zake alisema kitu kimoja: akiingia chumbani, watu wanageuka.

Mwaka wa 1911, akiwa na miaka 24, alikuja katika nchi iliyoitwa wakati huo British East Africa. Nairobi haikuwa hata na miaka 15. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka wa 1899, na mji uliokua kando yake ulikuwa wa mabati, matope na vumbi, kutegemea msimu. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904, ndiyo iliyokuwa kituo cha wageni wa kuwinda.

Denys alinunua ardhi Uasin Gishu, karibu na Eldoret. Sasa hebu simama hapo kidogo ujiulize: kijana wa miaka 24 anatoka London, hajui hata neno moja la lugha za huku, anawezaje kununua shamba katika bonde la Ufa ndani ya muda mfupi hivyo? Jibu ni kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa ardhi hiyo kwa walowezi huku wenyewe wakisukumwa pembeni. Mwaka huohuo wa 1911, Wamaasai walitiliwa saini mkataba wa pili wa kuwahamisha kutoka Laikipia. Uhuru aliokuja kuutafuta Denys ulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa ikilipwa na mtu mwingine. Ukisoma maisha yake bila kukumbuka hilo, utakuwa umesoma nusu.

Vita, na mwanamke wa kahawa

Shamba halikumshika. Hakuwa mtu wa kukaa akihesabu magunia. Alijaribu biashara, akawa na hisa hapa na pale, akazunguka nchi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alijiunga na kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, kilichokuwa na wapiganaji wa Kisomali, kupambana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Baadaye alikuwa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akapata nishani ya Military Cross, na kabla vita havijaisha alikwenda Misri kujifunza urubani.

Vita hivyo vina alama yake Nairobi mpaka leo. Ukienda Kariokor kula nyama choma, jina hilo limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Wao hawakupewa nishani. Walipewa jina la mtaa.

Mwaka wa 1918, kwenye chakula cha jioni katika klabu ya Muthaiga, Denys alikutana na Karen Blixen. Huyu alikuwa Mdenmaki aliyekuja mwaka wa 1914 kuolewa na Bror Blixen, na wawili hao walikuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, baridi ilikuwa kali, mvua haikuaminika, na mume alikuwa hatulii nyumbani. Waliachana mwaka wa 1925. Katika miaka hiyo Denys alihamishia vitabu vyake na santuri zake kwenye nyumba ya Karen, akaifanya kituo chake kati ya safari moja na nyingine.

Ukiitembelea nyumba hiyo leo, ambayo ni makumbusho tangu 1986, utaona rafu za vitabu na veranda inayotazama vilima. Hapo ndipo Karen alipokuwa akimsimulia hadithi usiku, naye Denys akimfundisha Kilatini na kumsomea mashairi. Alimletea pia gramafoni. Lakini hakuahidi kukaa. Akifika alifika, akienda, alikwenda. Karen alitaka zaidi ya hapo, na hilo liliwaumiza wote wawili. Kwa lugha ya mtaani ungesema jamaa hakuwa tayari kutulia.

Kazi yenyewe

Katikati ya miaka ya 1920 ndipo Denys alipoanza kuongoza safari kwa malipo. Ni vizuri uelewe kazi hiyo ilikuwaje, maana wengi hudhani ni mzungu mmoja mwenye kofia na bunduki akitembea peke yake nyikani. Sivyo kabisa.

Mteja alikuwa tajiri kutoka Marekani au Ulaya. Alilipa pesa nyingi, akataka miezi porini, akataka chakula cha moto, maji ya kuoga na mahali pa kulala pasipo na siafu. Akataka pia vichwa na pembe za kupeleka nyumbani. Kiongozi wa safari alipaswa kujua wanyama wako wapi msimu huo, kuandaa malori, mahema, mpishi, madereva na mafundi wa kuchuna ngozi, kisha kusimama kando ya mteja wakati nyati amejeruhiwa na anarudi kwa hasira. Mteja akikosa shabaha, kiongozi ndiye wa kumaliza. Akikosa na yeye, basi.

Kumbuka kwamba mfano wa safari kubwa ulikuwa umewekwa na rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliyefika mwaka wa 1909. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Habari zake zilipoenea duniani, matajiri wengine walitaka ya kwao, na Nairobi ikawa mji wa kuanzia safari. Neno lenyewe, safari, lilichukuliwa kutoka kwenye Kiswahili likaingia katika lugha za dunia nzima kupitia biashara hii.

Lakini nani aliyejua njia? Nani aliyeweza kutazama majani yaliyolala akasema ndovu wamepita hapa alfajiri, ni wanne, na mmoja anachechemea? Wafuatiliaji nyayo. Walikuwa Wakamba, Waata, Wamaasai, Wadorobo, watu waliokulia katika elimu hiyo. Elimu hiyo haikuandikwa popote, ilikuwa vichwani mwao na machoni mwao. Denys alikuwa hodari, hilo halina ubishi, lakini kiongozi hodari wa wakati ule alikuwa ni mtu mwenye wafuatiliaji hodari.

Na hapa kuna jambo la kukasirisha. Sheria za wanyamapori za serikali ya kikoloni zilitaka kila mwindaji awe na leseni, na leseni iligharimu fedha ambazo Mwafrika wa kawaida hakuwa nazo. Kwa hivyo Mkamba aliyetoka na upinde wake kama babu yake alivyotoka, akaangusha mnyama kulisha watoto, akawa jangili wa kutupwa jela. Mgeni aliyetoka na bunduki ya bei ya shamba, akaangusha wanyama asioweza hata kuwala, akawa mwanamichezo. Mtu aleyeonyesha njia ndiye huyohuyo ambaye kesho yake angekamatwa kwa kuifuata njia hiyo peke yake. Ukisikia wazee wa vijiji vya kando ya mbuga wakizungumza kwa uchungu kuhusu wanyama wa serikali, uchungu huo ulianzia huko.

Majina ya waliokuwa karibu na Denys hayajapotea yote. Alikuwako Bilea, Msomali aliyekuwa msaidizi wake wa karibu. Alikuwako Kanuthia, Mkikuyu aliyekuwa dereva wake. Na alikuwako Kamau, ambaye tutamfikia.

Gari lilipoharibu mchezo

Kilichombadilisha Denys hakikuwa ndoto wala mahubiri. Kilikuwa gari.

Zamani safari ilikwenda kwa miguu. Mwindaji alitembea siku nzima kumfuata simba mmoja, na simba alikuwa na nafasi yake: kunusa, kusikia, kutoroka, hata kushambulia. Katika miaka ya 1920 magari yakafika nyikani. Pale Serengeti, upande wa Tanganyika, simba hawakulijua gari. Hawakuliogopa. Walilala kivulini wakalitazama kama wanavyolitazama leo gari la watalii. Basi watu wakawa wanaendesha mpaka karibu, wanafyatua wakiwa wamekaa, wanasonga mbele, wanafyatua tena. Mtu mmoja angeweza kuangusha simba wengi katika safari moja na asiloweshe kiatu kwa umande.

Denys aliona hayo kwa macho yake, akachukizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliliandikia gazeti la The Times la London kulalamika hadharani kuhusu mauaji hayo ya simba kutoka garini. Elewa uzito wa jambo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa akila kutokana na uwindaji. Wateja wake walisoma gazeti hilohilo. Ni sawa na mwenye matatu leo aandike gazetini kuhusu mwendo wa matatu. Barua zake zilizua mjadala Uingereza, na shinikizo la kulinda wanyama wa Serengeti likazidi. Mwaka wa 1929 sehemu ya Serengeti ikawekwa chini ya ulinzi kamili.

Hakuishia kwenye kuandika. Alianza kuwasukuma wateja wake kuelekea kamera. Wengi walicheka. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, filamu ilitaka utulivu na mwanga, na huwezi kumpiga picha nzuri simba aliye mbali. Lakini hapo ndipo hoja yake ilipokuwa. Alisisitiza kwamba kumpiga picha mnyama ni kazi ngumu kuliko kumpiga risasi. Risasi inafika umbali ambao kamera yake haifiki. Mpiga picha lazima asogee, ajue upepo unatoka wapi, awe na subira, na amwache mnyama aendelee na shughuli zake. Anayetaka kuonyesha ushujaa, basi kamera ndiyo mtihani wenyewe.

Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa Mwanamfalme Edward, mrithi wa kiti cha ufalme cha Uingereza, yule aliyekuja kuwa mfalme kisha akakiacha kiti mwaka wa 1936 ili amwoe mwanamke aliyempenda. Edward alikuja mwaka wa 1928, Denys akamwongoza pamoja na Bror Blixen. Ndiyo, yule mume wa zamani wa Karen; mji ulikuwa mdogo. Safari hiyo ilikatizwa kwa habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, alikuwa mgonjwa sana. Edward akarudi tena mwaka wa 1930, na safari hii kamera ilifanya kazi nyingi kuliko bunduki. Mrithi wa ufalme akiwatazama ndovu kupitia kioo cha kamera alikuwa tangazo ambalo pesa haziwezi kununua. Kama mkubwa kama huyo aliona fahari kurudi nyumbani na picha, mwingine angeona aibu gani?

Lakini usimtie Denys taji la utakatifu. Hakuacha kuwinda. Mpaka mwisho alikuwa akiwapeleka watu kutafuta ndovu wenye pembe kubwa. Alikuwa mtu aliyesimama kwenye kivuko, mguu mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile.

Ndege ya manjano

Mwaka wa 1930 Denys alinunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, ya viti viwili, ya rangi ya manjano. Alimrusha Karen juu ya vilima vya Ngong na juu ya bonde la Ufa, na Karen aliandika baadaye kwamba hiyo ilikuwa furaha kubwa kuliko zote alizozipata shambani. Hebu waza: mtu aliyezitazama nyika hizi kwa miaka 16 kutoka ardhini, ghafla anaona makundi ya nyati yakikimbia chini kama mchanga uliomwagwa.

Kwa Denys ndege ilikuwa pia chombo cha kazi. Aliwaza kwamba kutoka angani angeweza kuona makundi ya ndovu yalipo, kisha awaongoze wateja kwa miguu. Mwezi wa Mei 1931 aliruka kwenda pwani, alikokuwa na nyumba Takaungu karibu na Kilifi, kisha akaenda Voi kuwatafuta ndovu. Wakati huo uhusiano wake na Karen ulikuwa umelegea. Shamba lilikuwa limefilisika na limeuzwa. Rubani kijana Beryl Markham, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi mwaka wa 1936, alialikwa kwenye safari hiyo ya Voi. Rafiki yake, rubani Tom Campbell Black, alimshawishi asiende.

Aliyekwenda alikuwa Kamau. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, Denys na Kamau walipaa kutoka Voi kurudi Nairobi. Ndege ilizunguka mara moja au mbili, ikayumba, ikaanguka na kushika moto mbele ya macho ya watu waliokuja kuwaaga. Wote wawili walikufa hapo.

Denys alizikwa kesho yake vilimani Ngong, mahali ambapo yeye na Karen walikuwa wamepazungumzia. Siku ilikuwa ya mvua na ukungu. Marafiki wa kizungu walikuwepo, na watu wa shamba walikuwepo pia. Baadaye kaka yake alimjengea mnara wa mawe wenye jina lake. Karen, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1937, anasimulia kwamba baada ya yeye kuondoka Kenya aliandikiwa kuwa Wamaasai walikuwa wamewaona simba, dume na jike, wakija kulala juu ya kaburi lile.

Hadithi ya simba imesimuliwa duniani kote. Ya Kamau haijasimuliwa. Alikufa dakika ileile, katika moto uleule, akiwa kazini. Jina lililo kwenye mnara wa Ngong ni la Denys tu.

Kilichobaki

Karen aliondoka mwaka huohuo wa 1931 na hakurudi tena. Lakini kabla ya kuondoka alipigania jambo moja ambalo watu wa Dagoretti wanapaswa kulijua. Watu waliokuwa wakiishi shambani, wengi wao Wakikuyu, kisheria walihesabiwa kuwa maskwota kwenye ardhi ambayo babu zao waliijua kabla ya shamba kuwako. Shamba lilipouzwa, walitakiwa kutawanyika. Karen alizunguka ofisi za serikali mpaka wakaruhusiwa kuhamia pamoja kwenye sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Aliyenunua shamba alilikatakata viwanja vikubwa, pakazaliwa mtaa unaouita Karen, wenye ua mirefu na malango ya chuma.

Mwaka wa 1946, Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa, ya kwanza nchini, na Wamaasai wakapoteza malisho mengine tena. Mwaka wa 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kimchezo. Tangu siku hiyo, mgeni anayekuja kuona wanyama Kenya anakuja kutazama. Kile ambacho Denys alikuwa akiwabembeleza matajiri wake wakijaribu kikawa sheria ya nchi, miaka 46 baada ya kifo chake.

Na sheria hiyo iligeuza kazi yote. Mteja wa zamani alimlipa kiongozi ili mnyama afe. Akishakufa, biashara ya mnyama huyo imekwisha. Mteja wa leo analipa ili mnyama awepo, na simba mmoja akiishi miaka kumi anaweza kutazamwa na maelfu ya watu. Hii ndiyo hesabu inayoshikilia kambi za Tsavo na Mara, nyumba za wageni za msituni Aberdare na Kakamega, hata matembezi ya jumapili katika msitu wa Ngong Road. Msitu huo umeshakatwa na barabara ya Southern Bypass na umemegwa mara nyingi. Unaendelea kusimama pia kwa sababu kuna watu wanaoingia, wanaoonyeshwa, na wanaotoka wakijua ni kitu gani kitapotea.

Kama unafikiria kazi ya kuongoza watalii, leo hutahitaji kuwa mtoto wa Earl. Kuna Chuo cha Utalii kule barabara ya Thika, na chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, kimekuwa kikitahini waongozaji tangu miaka ya 1990 kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Utaulizwa ndege, nyayo, mimea, nyota, huduma ya kwanza, na historia. Wakati wa Denys, Kanuthia angeweza kujua yote hayo na bado akaitwa boi. Leo mwenye elimu ya Kanuthia ndiye anayekaa kiti cha mbele, na mgeni anamsikiliza yeye.

Kuna kambi ya kifahari Tsavo Magharibi iliyopewa jina la Finch Hatton. Hakuna ubaya, aliistahili sehemu ya sifa, kwa sababu alisema ukweli wakati ukweli ungemharibia biashara. Ila siku utakapompeleka mgeni wako Karen au Ngong, naye akataka kusikia habari za yule mzungu wa kwenye sinema na simba waliolala juu ya kaburi lake, msimulie. Mwambie kuhusu kamera, kuhusu barua za gazetini na ndege ya manjano. Kisha, kabla hajarudi garini, mtajie Bilea na Kanuthia, na umwambie kwamba ndani ya ndege ile walikuwamo watu wawili.